Mwalimu wa Jiografia Aingia Dar

Watu wa mikoani hufundishwa Dar es Salaam kabla hawajaiona. Mkufunzi kwa kawaida ni mtu aliyefika huko mara moja, akakaa siku chache kwa shemeji yake, akarudi na sauti ya mtaalamu. Simu usiitoe barabarani. Njia usimuulize kila mtu. Muulize mwenye duka, maana duka halikimbii. Hela usitie mfuko wa nyuma, mfuko wa nyuma Dar ni mali ya umma. Ukishangaa ghorofa, shangaa kimoyomoyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na ukiyasikiliza mafunzo hayo utadhani wote wamejipanga stendi tangu alfajiri, wanakusubiri wewe ushuke na begi lako.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mkoani Njombe alipewa mafunzo hayo na karibu nusu ya kijiji alipotangaza kwamba anakwenda kumwona mjukuu. Aliyasikiliza kwa subira ya mtu anayejua zaidi. Alikuwa amefundisha jiografia na historia tangu ubao ukipakwa unga wa betri kuukuu. Alijua kwamba Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huo miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alijua kwamba Wajerumani walihamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na kwamba reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Bandari ya Dar angeweza kuichora amefumba macho, na mlango wake mwembamba, na kisiwa kwa mbali. Ila kufika, hakuwahi kufika.

Gari lilikuwa Noah ya mpwa wake, dereva hodari wa njia ya Njombe na Makambako, ambaye mji mkubwa kuliko yote alikowahi kuendesha ulikuwa Iringa. Nyuma alikaa Shangazi, yaani dada yake Mwalimu, pamoja na kijana wa kidato cha pili aliyepewa cheo cha mshika ramani kwa sababu ndiye mwenye simu kubwa. Mke wa Mwalimu hakuwemo. Yeye alikwisha kutangulia kwa basi tangu siku mtoto alipozaliwa, kwenda kumkanda mzazi.

Mizigo ilileta mjadala. Shangazi alikuwa ameandaa gunia la viazi, ndoo mbili za parachichi, unga wa ulezi wa uji wa mzazi, na jogoo mmoja mwenye afya.

"Mama Mkubwa, viazi vya Dar si vinatoka huku huku kwetu?" mpwa alijaribu.

"Vile ni vya kuuza. Hivi ni vya kwetu," Shangazi akajibu, na gunia likapanda.

Hela za safari alizishughulikia yeye pia. Aliigeuza suruali ya kaka yake ndani nje, akashonea noti kiunoni kwa uzi wa kushonea magunia, akakata uzi kwa meno na kusema sasa waje hao wezi. Kijana alikumbusha kwamba siku hizi hela hukaa kwenye simu. Akaambiwa simu ndiyo ya kwanza kuibiwa.

Njombe iko juu, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, na mwezi wa saba baridi yake haina utani. Saa kumi alfajiri kila mtu alipanda gari akiwa amevaa karibu kabati zima. Ndiyo maana safari ya kutoka kule kwenda pwani, yenye kilomita zipatazo 700, ni safari ya kuvua nguo. Makambako hakuna aliyegusa kifungo. Mafinga, kwenye misitu ya misonobari, vioo vilikuwa bado vimefungwa. Ilula, katikati ya matenga ya nyanya, koti la Mwalimu likatoka. Kwenye mteremko wa Kitonga, ambako malori hukokotana kona baada ya kona, masikio yakaziba na skafu zikatoka. Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu na mibuyu, yakafuata masweta. Walipofika Mikumi jogoo alikuwa amezikwa chini ya sufu na mpwa anaendesha na fulana tu.

Mikumi ndiko Shangazi alikotaka kuchimba dawa.

Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi hiyo kwa kilomita zipatazo 50, na humo ndani hushuki ovyo, maana vichaka vina wenyewe. Mpwa alikuwa ameona bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, tena kwa dola, akashusha mwendo hadi 50 na kukataa kata kata kuongeza hata moja. Mwalimu akapiga hesabu kwa sauti: kilomita 50, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. "Saa moja kamili!" akatangaza kwa furaha ya mtu aliyegawanya bila kubakiza. Akaendelea kueleza kwamba hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964. Tembo wakapita. Twiga wakasimama kando ya lami wakitafuna, kijana akawapiga picha za video na kuzirusha kwa marafiki zake wote. Hadi leo Shangazi akiulizwa kuhusu wanyama wa Mikumi husema hakuona hata mmoja. Saa ile yote alikuwa amefumba macho na kushika kiti cha mbele.

Baada ya hapo mpwa alifidia muda. Alifidia vizuri mno, kwa sababu kwenye kijiji kimoja kabla ya Morogoro alikutana na tochi ya trafiki. Vijijini mwisho ni 50, kosa ni shilingi 30,000, na ukitoka hifadhini umejizuia saa nzima mguu wa kulia huwa na hasira. Tuyaache hayo. Kila dereva wa barabara hiyo ana stakabadhi yake.

Kibaha ndipo mambo yalipoanza kubadilika sura. Walipita kituo kiitwacho Picha ya Ndege, Mwalimu akauliza picha yenyewe iko wapi, hakujibiwa. Kisha barabara ikafunguka. Kutoka Kibaha hadi Kimara, kilomita 19.2, Barabara ya Morogoro imepanuliwa hadi njia nane. Mpwa alizoea barabara yenye upande wa kwenda na upande wa kurudi. Hapa kulikuwa na kwenda nyingi. Alichagua ya katikati akang'ang'ania humo, mikono yote miwili kwenye usukani, huku magari yakimpita kushoto na kulia na makonda wakimtolea ushauri wa bure madirishani.

Jioni ilikuwa imeingia walipoona kibao cha Mbezi. Anwani waliyopewa ilikuwa hiyo: Mbezi. Gari likaegeshwa, wote wakashuka, Shangazi akamshukuru Mungu kwa sauti, na Mwalimu akampigia mkwewe.

"Shikamoo baba. Poleni na safari. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Tumeshafika. Tupo Mbezi."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Hapo mlipo, baba, mnaona nini?"

Mwalimu alitazama huku na huku. "Tunaona watu."

"Na stendi mnaiona?"

"Tunaiona. Kubwa kwelikweli."

Stendi hiyo ni ile ya mabasi ya mikoani iliyofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Rais Magufuli, na iko Mbezi Luis. Mkwe alikuwa anakaa Mbezi Beach. Dar ina Mbezi mbili. Moja iko Barabara ya Morogoro, nyingine iko Barabara ya Bagamoyo karibu na bahari, na katikati yake kuna Goba yote na vilima vyake, kilomita kama 16. Mwenyeji wa Dar hasemi "Luis" wala "Beach" anapozungumza na mwenyeji mwenzake, kwa sababu wanajuana. Mgeni ndiye anayeachiwa akisie.

Rafiki angesema mmepotea. Shemeji angecheka kwanza, kisha akasema mmepotea. Lakini mkwe mwenye malezi hamwambii baba mkwe, tena mwalimu mstaafu, kwamba amepotea. Alitafuta maneno.

"Hapo ni penyewe kabisa, baba. Ila nyumba yenyewe iko mbele kidogo. Kateni kushoto, mpite Goba, mtatokea Tangi Bovu. Mtanikuta nimesimama."

Adabu ile iliwagharimu jioni nzima. Mwalimu alirudi garini na taarifa mbili ambazo hazikumkaa vizuri. Kwanza, Goba haikuwemo katika ramani yoyote aliyowahi kufundishia. Pili, kati ya mahali pote ambapo mtu mgeni angeambiwa aende jioni akiwa na gari limejaa mizigo, hakuna palipolingana na maonyo ya kijijini kama mahali panapoitwa Tangi Bovu. Shangazi alisema hata yeye jina hilo halimpi amani. Kijana akaombwa afungue ramani ya simu, ikagundulika kwamba bando liliisha tangu Chalinze, limeliwa na twiga.

Kikao kifupi kikaamua: watu wazima hupita barabara kuu. Wangenyoosha hadi Ubungo, wakakata kushoto kwenda Mwenge, Mwenge wakakata tena kushoto kufuata Barabara ya Bagamoyo. Na kwa kweli njia hiyo ipo na inafika. Mwalimu aliichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo, na mchoro ulikuwa sahihi.

Kimara kulikuwa na foleni. Mpwa alikaa ndani yake kwa muda, akaona pembeni, katikati kabisa ya barabara, njia mbili safi, hazina gari, hazina shimo.

"Mjomba, hivi watu wa Dar hawaioni hii?"

Wanaiona. Ni ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na gari la mtu binafsi haliruhusiwi kuigusa. Noah ya Njombe ilifurahia hewa safi kwa muda mfupi, ndipo honi ikalia nyuma, ya basi refu lililojaa hadi milangoni, na abiria wote wa mbele wanaonyesha kwa mikono kitu kimoja. Waliponyanyua macho trafiki alikuwa amesimama mbele yao. Aliinama dirishani, akaangalia viazi, akaangalia jogoo aliyetoa kichwa katika sweta, akauliza wanatoka wapi. Alipojibiwa Njombe alitikisa kichwa kama daktari. Faini ilikuwa halali na Mwalimu aliikubali. Alichokikataa ni kuulizwa, yeye, kama anajua kusoma mabango.

Kumbe swali hilo ndilo lililomponza. Kuanzia hapo alisoma kila kibao kwa sauti, kuthibitisha. Cha kwanza kilikuwa cha kituo cha mwendokasi: Korogwe. "Korogwe iko Tanga," Mwalimu akasema, na ilikuwa kweli, amewasahihishia watoto wengi. Mbele kidogo akasoma Kibo. Hapo hakuweza kunyamaza. Kibo, aliwaambia, ni kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ni volkano iliyolala, haiwezi kuwa baada ya Kimara. Alieleza barafu yake, akaeleza Mawenzi na Shira, mpwa akageuka kumsikiliza kwa heshima anavyosikilizwa mjomba, na gari likapita Ubungo.

Makutano ya Ubungo yana ngazi tatu tangu yafunguliwe mwaka 2021, yakapewa jina la Kijazi, na asiyejipanga mapema upande anaokwenda huchukuliwa na barabara hadi ng'ambo. Walipouliza Mwenge iko wapi, wenye bodaboda waliwaonyesha nyuma. Kugeuza haikuwezekana. Vituo vikaendelea kuja: Shekilango, Urafiki, Manzese. Halafu Argentina.

"Kaka," Shangazi akauliza polepole, "tumevuka mpaka?"

Kilichofuata ni Kagera. Mwalimu alikisoma kwa macho tu, hakutoa sauti. Inasemekana huo ndio ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote tangu Njombe, na ulidumu mpaka bonde la Jangwani.

Gari ambalo dereva wake hajui aendako, ukiliacha kwenye Barabara ya Morogoro jioni, mwisho wake ni Kariakoo. Hakuna anayepanga. Msongamano wenyewe hukupeleka, kona hii umezuiwa na mkokoteni, ile imefungwa na meza za nguo, unabaki na njia moja, na njia hiyo inaingia ndani zaidi. Soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, Mwalimu alilijua kwa picha ya kitabuni, ile miavuli yake ya zege. Alijua pia kwamba liliungua Julai 2021. Lakini kitabu hakikuonyesha mitaa inayolizunguka, ambako biashara inapangwa juu ya barabara, kando ya barabara, na juu ya boneti ya gari lako kama umesimama muda mrefu. Mtu mmoja aliuliza viazi bei gani. Mwingine alitaka jogoo.

Na hapo Mwalimu naye akahitaji kwenda haja.

Choo cha kulipia hakikuwa mbali. Mlangoni alikaa kijana na meza ndogo.

"Mia tatu, mzee."

"Ninayo. Iko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya suruali. Imeshonewa. Niruhusu niingie niitoe."

"Unalipa kwanza, mzee, ndiyo unaingia."

"Siwezi kulipa kabla sijaingia."

"Na kuingia huwezi kabla hujalipa."

Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Ndiyo kazi yake. Mwalimu naye alikuwa na hoja isiyo na dosari, na foleni iliyojengeka nyuma yake ilianza kugawanyika, wengine wakimuunga mkono, wengine wakiomba wapite wao kwanza. Mpwa hakuweza kuacha gari, Shangazi hakuweza kuacha mizigo, na hela za kijana wa kidato cha pili zilikuwa hazijawahi kuwepo. Mwisho machinga mmoja mwenye soksi begani akatupa shilingi 300 mezani. Kwa kuwa alikuwa akiuza pia nyembe, akampa na wembe.

Mwalimu alikaa humo muda mrefu. Uzi wa kushonea magunia haukatiki kirahisi. Alitoka na noti ya elfu kumi mkononi na upepo ukipita kiunoni. Machinga alikataa kata kata kurudishiwa mia tatu zake. Alichofanya ni kumuuzia Mwalimu jozi sita za soksi, na Mwalimu, mtu wa Njombe, hakuwa na sababu ya kuzikataa soksi.

Ni machinga huyo huyo aliyemwita kijana wa bodaboda, wakapatana, na bodaboda ikatangulia mbele ya Noah kuwatoa. Ujanja huu wakazi wa Dar wanaujua, na ni rahisi kuliko mafuta ya kuzungukia. Walipitishwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kama kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo limekatiza juu ya maji. Shangazi aliona taa upande mmoja, upande wa pili hakuona kitu, giza tupu, akauliza kule kunaitwaje. Mwalimu alisafisha koo. "Ile," akasema, "ni Bahari ya Hindi." Kwa mara ya kwanza tangu Kibo, hakuna aliyekuwa na swali.

Tangi Bovu walifika usiku mkubwa. Mkwe alikuwa bado amesimama pale pale alipoahidi, na Mwalimu, kabla ya salamu, alichungulia gizani kutafuta tangi. Bibi aliwapokea mlangoni na kuwauliza kwa nini hawakupita Goba. Yeye siku zile aliletwa kwa bajaji kutoka stendi, Goba hiyo hiyo, akafika mapema akaogesha na mtoto.

Jogoo alifanya lake. Familia inakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga, na jogoo wa milimani hakujua kwamba chini kuna watu waliotoka kazini saa tano usiku. Aliwika saa tisa na nusu. Majirani waligonga dari, naye akadhani anajibiwa, akaongeza. Kesho yake mchana alikuwa mchuzi wa mzazi, kazi aliyotumwa tangu mwanzo.

Katika siku zilizofuata Shangazi ndiye aliyelizoea jiji kwanza, na alianzia kwenye daladala. Mara ya kwanza alipanda, akasimama mlangoni, akasalimia gari zima: "Kamwene!" Kwao ndivyo inavyofanyika, huwezi kuingia mahali pana watu ukakaa tu. Abiria walitazama simu zao. Konda akamwambia sogea nyuma mama, kuna nafasi. Ndipo kutoka kiti cha mwisho kabisa sauti ya mama mmoja ikajibu, "Kamwene!" Alikuwa mtu wa Makambako, mwenye biashara ya dagaa, na wakazungumza kwa Kibena njia nzima hadi Shangazi akapitilizwa kituo. Kupitilizwa huko hakukuwa kosa la mazungumzo peke yake. Alikuwa amemwomba konda, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, kwamba baba, ikikupendeza, naomba kushuka hapo mbele. Kwenye daladala ombi la namna hiyo halisikiki. Yule wa Makambako akamfundisha: vuta pumzi, sema "Shusha!" Kufikia Jumapili Shangazi alikuwa anashusha watu wasioshuka.

Kilichomkasirisha ni chipsi. Sehemu kubwa ya viazi vinavyoliwa Dar hutoka Nyanda za Juu Kusini, Njombe ikiwemo, na Shangazi ni mkulima. Aliletewa sahani, akahesabu vipande, akaviunganisha kwa kidole mpaka akapata viazi viwili na nusu, akauliza bei. Alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua hiyo hela nyingine yote njiani imeshukia wapi. Swali hilo wakulima wa kule wanaliuliza hata bila kufika Dar.

Mwalimu alikuwa na ratiba yake. Alipelekwa Mtaa wa Samora kuiona Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, singe imeelekezwa upande wa bandari. Aliizunguka, akathibitisha mwaka, akaridhika. Kisha akapelekwa Coco Beach. Hapo alivua viatu na soksi mpya, akavipanga vizuri mchangani, akaingia hadi vifundoni na kuonja maji. Akatema, akatabasamu: kama alivyofundisha, gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Shangazi alijaza chupa ya lita moja na nusu ya kupeleka nyumbani, kwani kijijini walikuwa wamemwagiza, kila mmoja na ugonjwa wake.

Mjukuu mkubwa wa mtaani, mtoto wa jirani, alimuuliza babu kwa nini bahari inasogea. Swali la dhahabu. Mwalimu alichora mchangani jua, dunia na mwezi, akaeleza jinsi mwezi unavyoyavuta maji yakajaa na kupwa mara mbili karibu kila siku, na jinsi yanavyojaa zaidi mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Watu wakasogea kusikiliza, hata muuza mihogo alisimama. Somo lilikuwa zuri sana. Lilipofika kwenye bamvua, wimbi lilifuta dunia na mwezi kwa pamoja, na kiatu cha kushoto kikaonekana kwa mbali kinaelekea Zanzibar.

Walirudi Njombe kupitia Goba, Shangazi akiwa amekaa mbele na Mwalimu amevaa kandambili na soksi za Kariakoo. Njia ile, kuunga hadi Barabara ya Morogoro, haikuwachukua muda.

Kwa hiyo ombi ni kwa ninyi wenyeji wa Dar. Mgeni wako akikupigia na kusema amefika, usimwambie ni hapo hapo mbele kidogo, hata kama ni baba mkwe. Mwambie mapema, akiwa bado nyumbani anafunga gunia, kama ni Mbezi Luis au Mbezi Beach. Na wewe unayekaa Mtongani, taja kabisa: iko ya Kunduchi, kaskazini, na iko ya Mtoni, kusini, na kati yao kuna jiji zima.